Boksi la 1974 hadi 1986

Jumatatu, 10 Novemba 1997

Naanza daftari hili kwa sababu ya barua. Imekuja na treni ya jana kutoka Dar es Salaam, kwa Profesa aliyenifundisha famasi miaka kumi iliyopita. Nilidhani kanisahau, kumbe wapi! Anataka kulifufua lile jarida letu la sayansi ya dawa, lililokuwa likitolewa na chama cha wafamasia wa kandokando ya ziwa, kuanzia Bujumbura na Uvira mpaka Kigoma na Mpulungu. Lilikufa mwaka 1993 vita vilipoingia Burundi, na ofisi yake ikaungua na kila kilichokuwamo. Sasa Profesa anasema kabla halijafufuliwa ijulikane kwanza lilikuwa likizungumza nini: mada zipi, miaka ipi, nani kaandika, katokea wapi, na kila mmoja aligundua nini. Hayo yote yawe makala moja, ya kwanza katika toleo la kwanza.

Na mwandishi ni mimi. Sijachaguliwa kwa akili, jamani. Seti nzima, matoleo thelathini na tisa, ipo mahali pamoja tu anapopajua yeye, nayo ni chumba cha mafaili cha hospitali yetu hapa Kigoma. Nimecheka peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani Gungu. Eufrasia mhesabu vidonge, leo mwandishi!

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeyapata. Maboksi mawili juu ya kabati, moja limeandikwa 1974–1986, jingine 1987–1993. Panya wamegusa pembe tu. Nimekaa sakafuni nikifungua moja moja, mvua ikinyesha kwenye bati, na nilipoinua macho saa ya kazi ilikuwa imepita zamani. Sijui nilisoma nini. Nakumbuka picha ya jani la mwarobaini, na jina la mtu wa Uvira aliyepima udongo ambao wajawazito hula.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Wagonjwa wengi. Jarida sijaligusa.

Ijumaa, 28 Novemba

Mwezi karibu unaisha nami nimemaliza kunakili kurasa za yaliyomo za matoleo yote. Sina kadi wala daftari kubwa, kwa hiyo nimetumia nilichonacho, bahasha za dawa. Makala moja, bahasha moja. Palipochapwa Jina nimeandika mwandishi, kazi yake na mji wake, palipochapwa Dawa nimeandika kichwa cha makala, na kwenye Mara ngapi kwa siku nimeweka mwaka na toleo. Halafu nazihesabu kwenye trei ya vidonge, tano tano, kwa kisu kile kile cha kazini. Zimefika mia tatu na kumi na mbili.

Shida ni Kifaransa. Zaidi ya nusu ni Kifaransa, nami nimenakili herufi kama mtu anayechora ua asilolijua. Dakta Samson, mganga wetu mfawidhi, kaniambia yuko mkimbizi anayekuja na gari la wagonjwa la kambini, Jumatatu na Ijumaa, kuwatafsiria wagonjwa Kirundi. Eti anasoma hata magazeti ya Kifaransa yaliyofungiwa sabuni.

Nikamwambia, "Dakta, hii ni sayansi, si sabuni."

Akacheka. "Mjaribu tu."

Haya, tutamjaribu.

Jumatatu, 1 Desemba

Naona haya kwamba niliiandika sentensi ile ya juu, lakini siifuti.

Amekuja mzee mrefu, koti limepauka mabegani, viatu vya mpira. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaketi mkono mmoja juu ya mwingine. Nikampa bahasha ya kwanza iliyokuja mkononi. Akaisoma, akanitazama kwa upole, akasema, "Hapa umeacha neno, mwanangu. Bila neno hili huyu bwana anaonekana amewapa panya sigara."

Nilicheka mpaka Feliksi, mtunza stoo wangu, akachungulia mlangoni.

Nikamuuliza jina. Akasema, "Ngendakumana."

Jina hilo nilikuwa nimelichora wiki iliyopita tu. Nikapekua bahasha mbele yake, tano tano, mpaka nikaipata: Ngendakumana, Pascal, mfamasia, Bujumbura, mwaka 1986, toleo la pili. Nikampa anisomee kichwa chenyewe. Akakisoma polepole kwa Kiswahili: "Sharubati ya malaria ya watoto kando ya Ziwa Tanganyika: chupa ikishafunguliwa hudumu siku ngapi?"

"Mzee, huyu ni wewe?"

"Nilikuwa mimi."

Nikasimama kulifuata boksi palepale. Akanizuia kwa mkono. "Hapana, tusianze na mimi. Tuanze mwisho turudi nyuma, mwaka kwa mwaka. Tutanikuta njiani."

Nikamwomba basi anieleze tu aligundua nini. Akakataa hilo pia, uso ukimng'aa kidogo. "Utalisoma lenyewe. Miaka minne hakuna mtu aliyenisoma. Niache nisubiri."

Ijumaa, 5 Desemba

Tumemaliza 1993, toleo moja tu, la mwisho. Makala nane, tano zinahusu ukimwi. Mzee anasema mwaka 1985 ukimwi ulikuwa haujatajwa hata mara moja.

Ijumaa, 12 Desemba

Chumba cha mafaili kinavuja. Mvua za mwaka huu si za kawaida, watu wanazipa jina la kizungu nisilolipenda. Nimemwambia Feliksi ahamishie boksi la 1974–1986 kwenye stoo ya dawa, ndiyo chumba pekee chenye dari nzima. Boksi la 1987 hadi 1993 liko mezani kwangu. Ziwa leo lilikuwa jeupe kama maziwa, na milima ya Kongo haikuonekana kabisa.

Jumatatu, 22 Desemba

Kumetangazwa kamati. Wakimbizi wenye taaluma watahojiwa mwezi Machi, na watakaothibitishwa watapewa kazi za taaluma zao kambini. Hospitali ya kambi inatafuta mfamasia. Mzee kanieleza hayo kwa sauti ile ile anayosomea vichwa vya makala, ila hakukaa.

"Vyeti vyangu viliungua na nyumba," kasema. "Kambini nimefanya kazi ya kubeba maji, na ya kuchimba vyoo, sikatai. Lakini nikipita dirisha la dawa nikaona mtoto anapewa vidonge ndani ya kipande cha daftari, bila maelezo, moyo unaniuma. Wanataka karatasi yenye jina langu na kazi yangu. Dunia nzima imebaki moja."

"Toleo la pili la 1986," nikasema.

"Ego, ndiyo. Chini ya jina wameandika mfamasia, na picha yangu ipo, bado nina nywele."

Nikataka kumpa aondoke nalo. Akakataa. Hema lake linavuja, anakaa na mjukuu wake Mélanie, ndoo tatu zinakinga maji kila siku. "Likae kwako," kasema. "Kwako ndiko kukavu."

Jumanne, 30 Desemba

Nimesaini orodha ya dawa zilizokwisha muda. Kurasa tatu. Mvua.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Feliksi amechoma zilizokwisha muda. Moshi umekataa kupanda, umelala juu ya maji mpaka jioni. Mzuri kuutazama.

Jumatatu, 5 Januari

Nitaandika ilivyokuwa, kwa mpangilio, maana kichwa changu hakina mpangilio.

Asubuhi nilikwenda stoo kuchukua boksi, nilipange tayari kwa kazi. Halikuwapo. Nikatazama nyuma ya dripu, juu ya pamba, chini ya meza. Nikamwita Feliksi.

"Boksi la majarida liko wapi?"

"Lipi, dada?"

"La 1974 hadi 1986, Feliksi! Nililokwambia ulilete huku."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi. "Si nimelichoma Ijumaa na mengine."

Nadhani nilipiga kelele. Sikumbuki neno, namkumbuka tu muuguzi akikimbia. Feliksi akatoa leja, akaifungua, akaweka kidole. Ukurasa wa tatu, mstari wa pili kutoka chini: Karatasi, boksi 1, mwisho wa matumizi 1986. Na chini kabisa, saini yangu, yenye mkia wake wa madaha.

"Dada," akasema, na sauti yake ilikuwa inalia, "stoo hii kitu hakiingii bila tarehe ya mwisho. Ulinifundisha wewe. Ulisema hata pamba, hata sindano, tafuta tarehe, usipoiona usipokee. Boksi limeandikwa 1974 hadi 1986. Nikajua limetengenezwa sabini na nne, limeisha themanini na sita. Nikasema mbona limekaa hivyo miaka yote bila kuchomwa?"

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka pia kumkumbatia, maana kila neno lilikuwa langu. Nilimfundisha hivyo, tena nikajisifu mbele ya wakaguzi kwamba stoo yangu haina kitu kilichopita muda. Na orodha sikuisoma, sijaisoma mwaka wa tatu huu. Huwa natazama ukurasa wa kwanza tu.

Tumekwenda shimoni wote wawili. Majivu na mvua vimekuwa uji. Feliksi akashuka na koleo, akachokoa mpaka suruali ikajaa tope, akaibuka na kona ya jalada yenye ukubwa wa kiganja. Haikuwa na herufi.

Leo ni Jumatatu. Saa nne gari la kambi likaingia, Mzee akashuka amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. "Mwaramutse, mwanangu! Mwaka mpya. Tuko 1990, siyo?"

Nikasema ndiyo, tuko 1990.

Ijumaa, 9 Januari

Treni haiji. Reli imekatwa na maji. Nimeshukuru, maana barua kwa Profesa ningeiandikaje? Nilijua nitamwambia Mzee leo. Sikumwambia.

Jumatatu, 19 Januari

Mwaka 1989. Nimeanza kuona kitu katika bahasha zangu. Mwanzo wa jarida makala zina mwandishi mmoja, mtu na jani lake. Karibu nusu ya makala hizo ni mitishamba. Kadiri miaka inavyosogea mitishamba inapungua, malaria sugu inapanda, waandishi wanakuwa wawili, wanne, saba kwa makala moja, na wengi anwani zao ni za mbali, huko ambako ziwa hili ni doa la bluu kwenye ramani. Wanawake kati ya waandishi wote ni kumi na wanne. Nilimsomea Mzee hesabu hii akafumba macho akisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Na wanaokunywa hizo dawa?" akauliza. "Wamo wangapi?"

Nikasema jarida halina safu yao.

Jumamosi, 24 Januari

Nimeota bahasha zinaelea ziwani, midomo wazi, na ndani ya kila moja mtu mdogo anasoma. Niliamka na furaha, kisha nikakumbuka.

Ijumaa, 30 Januari

Bado.

Jumatatu, 9 Februari

Kuna siku nasahau kabisa. Mvua inanyesha, mlango umefungwa, Mzee anasoma Kifaransa kwa kunong'ona kisha anakigeuza Kiswahili, na mimi naandika, na chai inapoa. Nasikia raha ambayo sijaisikia tangu chuo. Halafu ananitazama juu ya miwani na kusema, "Tunakaribia," nami nainama kutafuta kalamu niliyoishika mkononi.

Nilimdhania nini mtu huyu? Mtafsiri wa sabuni. Alipima sharubati yake barazani kwake Bujumbura, chupa sitini, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mkewe ndiye aliyeshika saa. Mkewe hayupo tena. Hilo kanieleza kwa sentensi moja, kisha akaomba tuendelee.

Ijumaa, 20 Februari

Tumemaliza 1987. Akafunga jalada, akapangusa vumbi kwa kiganja. "Sasa mimi," akasema.

Nikamwambia kwamba Dakta Samson kafunga stoo kwa ajili ya ukaguzi. Uongo mtupu. Tena nikaongeza kwamba kuna makala za 1987 sikuzielewa vizuri, tuzirudie.

"Zote?"

"Zote, Mzee."

Akafungua tena toleo la kwanza la 1987, akaanza upya. Feliksi alikuwa anapanga chupa kwenye rafu. Baadaye akanifuata. "Dada, mwambie. Au nimwambie mimi, niliyechoma ni mimi."

Nikamkaripia. Nikamwambia aangalie kazi yake. Nimezoea kumwona Feliksi kama mtu wa kuelekezwa tu, na leo yeye ndiye aliyekuwa mkubwa humo ndani.

Jumatatu, 2 Machi

1987 tena. Wingu limekaa juu ya ziwa tangu asubuhi.

Jumatatu, 16 Machi

Tarehe imetoka. Kamati itakaa hapa hospitalini Ijumaa ya tarehe 27. Mzee kaniuliza kama stoo imefunguliwa. Nikasema nitakuja nalo mwenyewe siku hiyo, kwenye mkoba wangu, lisije likalowa. Akasema urakoze, asante ya Kirundi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nimepanga kumwambia Jumatatu ijayo. Hiyo ndiyo siku.

Jumatatu, 23 Machi

Gari la kambi halikuja. Barabara imekatika.

Ijumaa, 27 Machi

Walikaa ukumbini, watu watatu nyuma ya meza, mwenyekiti mama mmoja anaitwa Honorata, sauti ya chini, kalamu mbili. Mzee alifika saa tano, matope mpaka magotini, maana walisukuma gari. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa tai. Sikupata hata dakika moja ya kumvuta pembeni, na kama ningeipata sijui ningeitumia vipi.

Mama Honorata akamuuliza vyeti. Mzee akaeleza kuhusu nyumba. Akaulizwa karatasi nyingine yoyote yenye jina na taaluma yake.

"Ipo," akasema, akageuka kwangu, anatabasamu. "Mwanangu huyu amenitunzia."

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Nilikuwa na bahasha tu. Nikasimama nikaiweka mezani mbele ya yule mama: Ngendakumana, Pascal, mfamasia, Bujumbura.

Akaigeuza huku na huku. "Dada, hii ni bahasha ya dawa."

"Ndiyo."

"Mwandiko ni wa nani?"

"Wangu. Nilinakili kutoka jarida lenyewe mwezi Novemba."

"Na jarida lenyewe?"

Nikasema. Sikupamba. Nilisema liliingia stoo yangu, likaandikwa limekwisha muda mwaka 1986, likachomwa tarehe 2 Januari kwa saini yangu ambayo niliiweka bila kusoma. Mmoja wa wale wazee wa kamati akatoa sauti kama ya kicheko, akaizuia. Mzee Ngendakumana hakusogea. Nilimtazama mkono tu, usoni sikuweza. Mkono ulikwenda kwenye tai, ukailegeza.

Mama Honorata akawa mwema kadiri alivyoweza. Alimuuliza maswali ya dawa kwa nusu saa, na Mzee alijibu yote, hata pale walipokosea kuuliza. Mwishoni akasema kamati haina shaka na elimu yake ila haina ruhusa ya kuthibitisha bila karatasi. Atakuwa mhudumu wa dawa, chini ya muuguzi, mpaka ushahidi wa maandishi upatikane. Kazi ya mfamasia itabaki wazi miezi sita, kisha atapewa mtu mwingine.

Nje, barazani, mvua ilikuwa inapiga ndani. Tulisimama.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

"Januari tano."

Akahesabu. Nilimwona anahesabu. "Basi 1987 uliirudisha kwa sababu hiyo."

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe."

"Kuchoma, naelewa. Mimi pia nimechoma vitu vingi stoo. Lakini wiki kumi na mbili ulikaa nami mezani. Ningetafuta njia nyingine. Kuna watu Uvira, kuna mtu Lusaka, ningeandika barua, labda mmoja angekuwa na toleo. Wiki zile zilikuwa zangu."

Nililia, naye hakunibembeleza, na alifanya vizuri. Akavaa mfuko wake wa nailoni kichwani, akaenda kwenye gari.

Jumatatu, 30 Machi

Gari limekuja na mtafsiri mwingine, kijana. Mzee kaomba abaki kambini.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimeandika barua Uvira na Lusaka mimi mwenyewe. Hazina pa kupitia. Ile ya Lusaka nimempa nahodha wa meli ya Mpulungu, nikampigia magoti karibu.

Jumatano, 15 Aprili

Naandika makala. Kila mada ina jedwali lake, kila makala ina mstari wake: nani, wapi, nini, aligundua nini. Kwa zile mia moja na nne za boksi la pili najua kila kitu. Kwa mia mbili na nane zilizoungua nina majina na vichwa tu, na safu ya mwisho tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Mwandishi mmoja tu kati yao najua anapoishi.

Dakta Samson kapita, akasoma rasimu akichungulia juu ya bega langu. "Hapo kwenye upungufu wa utafiti andika matoleo ya 1974 hadi 1986 hayakupatikana. Inatosha. Kila mtafiti huandika hivyo."

"Yalipatikana, Dakta. Niliyashika."

"Eufrasia, hili litasomwa Wizarani. Wewe ni mkuu wa famasi."

Nikamwambia nitafikiri.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimefikiri. Nimeandika hivi, kwa wino:

"Matoleo ishirini na sita ya kwanza yalichomwa moto Kigoma tarehe 2 Januari 1998, baada ya kuorodheshwa kimakosa kama vifaa vilivyokwisha muda. Aliyesaini orodha bila kuisoma ni mwandishi wa makala hii. Kabla ya hapo alikuwa amenakili kurasa zote za yaliyomo, na anathibitisha kwamba katika toleo la pili la mwaka 1986 ilikuwamo makala ya Pascal Ngendakumana, mfamasia, wa Bujumbura. Bwana Ngendakumana yu hai na anaishi mkoani Kigoma."

Nimenakili rasimu nzima mara ya pili, nikampa dereva wa gari la kambi. Juu yake nimebandika kikaratasi: Mzee, shikamoo. Ukipenda, nijazie safu ya mwisho kwenye mstari wako. Usipopenda nitauacha wazi, na nitaandika kwamba ni kwa sababu yangu.

Feliksi kasoma aya ile, herufi kwa herufi. Akauliza mbona jina lake halimo. Nikamwambia yeye alifuata alichofundishwa.

Jumatatu, 20 Aprili

Hakuna jibu. Mvua imeanza kupungua.

Ijumaa, 24 Aprili

Rasimu imerudi, imefungwa kwenye nailoni mara mbili. Nimeipeleka dirishani. Hakuna salamu, na samahani yangu haikukubaliwa wala haikukataliwa. Amesahihisha Kifaransa changu mahali kumi na moja kwa penseli. Kwenye mstari wake, safu ya mwisho, ameandika kwa herufi ndogo zilizonyooka:

"Chupa ya stoo iliyofunguliwa, katika joto na unyevu wa pwani ya ziwa: nguvu ya dawa hushuka chini ya nusu baada ya siku kumi na tisa. Rangi na harufu havibadiliki. Lebo inasema siku tisini. Lebo si kweli."

Nikasoma mara mbili. Kisha nikainuka, nikaenda stoo, kwenye rafu iliyo karibu na dirisha la ziwani, ilipo chupa kubwa tunayowamiminia watoto. Lebo ni mwandiko wangu. Imefunguliwa: 16 Februari. Itumike hadi: 17 Mei. Nikaihesabu kwa vidole, na Feliksi akaihesabu kwa leja, tukapata sawa, siku sitini na saba.

Niliifungua nikainusa. Ilinukia machungwa, kama siku ya kwanza. Nimeimwaga yote. Feliksi ameenda kuzuia dirisha la watoto lisitoe kitu mpaka nichanganye mpya, na mimi nimekaa na rejista ya mwezi Machi. Naisoma kuanzia mstari wa kwanza: jina, umri, kijiji, homa, sharubati, amerudi, amerudi, hakurudi.